Aliyepimia Dirisha

Daktari wa macho alichora duara kwenye karatasi, dogo kuliko kifungo cha shati, akasema hicho ndicho kilichobaki.

"La kushoto limekwenda zamani. Hili la kulia unaonea hapa katikati tu, mama, si ndiyo?"

"Kama nachungulia tundu la ufunguo," alisema mwanamke. "Sasa hivi naiona pua yako. Sura iliyobaki umeificha wapi, mimi sijui."

Daktari alicheka, kisha akaacha, maana alikuwa na la kusema. Presha ya jicho haikuwa inashuka tena kwa matone ya dawa. Operesheni ingekuwa Alhamisi. Mara nyingi huokoa kilichobaki. Mara chache, kwa jicho lililofika mbali kama hili, mtu huamka na hicho kiduara nacho kimezimika. Hilo la mwisho alilisema akiitazama karatasi yake.

Mume wa mgonjwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Giza, alikuwa ameshika kofia magotini. Alitaka kuuliza swali la kiume, akaishia kuizungusha ile kofia. Binti yao ndiye aliyeuliza.

"Na tukiacha?"

"Mkiacha litazimika lenyewe. Mwaka haufiki."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nje, kwenye benchi la kusubiria dawa, mama alisubiri mpaka namba tatu zikaitwa. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, "Basi kabla ya Alhamisi nataka kuona kitu kimoja."

"Sema, Mama," binti akamshika mkono. "Unataka kumwona nani? Nitampigia simu aje leo leo."

"Nataka kujiona mimi. Ile picha ya dirishani."

Fundi Giza alivaa kofia yake mbele nyuma, wala hakujua.

*

Ni lazima ielezwe kwamba Fundi Giza hakuwa mpiga picha wa mchezo. Enzi za filamu, kwenye chumba chake cha giza chenye taa nyekundu na mabeseni matatu ya dawa, alifanya mambo. Walisema bi harusi aliyelia siku nzima aliingia kwenye beseni la Fundi akatoka anatabasamu. Walisema aliwahi kusafisha picha ya uwanja wa mpira na ndani ya kivuli cha ukuta akamtoa mbuzi ambaye mwenyewe alikuwa amemtafuta wiki mbili. La mbuzi ni uongo, ingawa yeye hakuwahi kulikanusha.

Lakini kwenye ukuta wa mtu huyu palikuwa na harusi za watu, ubatizo wa watu, binti yake na sare za shule, na mwenyekiti wa mtaa akiwa bado na nywele. Mke wake hakuwapo. Kamera ikiinuliwa mahali, mama huyu alijitoa pembeni na kujitolea kushika mikoba ya wenzake. "Mimi picha zinanikataa," alisema, vile vile mtu anavyosema maharage yanamkataa. Ile ya kitambulisho haikuhesabika. Ile alipigwa na serikali, na serikali haipigi picha, inakamata.

Alipigwa mara moja tu nyumbani, wiki ya kwanza ya ndoa, amesimama na dirisha mgongoni. Dirisha lilitoka ajabu. Kila nondo ilionekana, na ndege kwenye waya wa umeme nje, na wingu. Pale palipotakiwa pawe na uso palikuwa na shimo jeusi kama wino uliomwagika. Mume aliitazama picha, akamtazama mke, akasema, "Sura yako nyeusi mno, mke wangu. Imekataa mwanga."

Maneno hayo mke aliyabeba miaka thelathini na minane bila kuyaweka chini.

*

Negativu, kile kipande cha filamu cha picha ile, ilikuwa kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwa karatasi laini, peke yake.

"Kumbe hukuitupa," alisema mama, akiisogeza mbele ya jicho lake kupata pembe moja, kisha nyingine.

"Nilisahau kuitupa."

"Umeisahau vizuri. Haina hata mkwaruzo."

Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho kilichokuwa kistudio cha binti: stuli moja, kitambaa cheupe ukutani, kompyuta, printa ndogo ya picha za pasipoti. Tangu alipokifungua, baba yake hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta ile. Aliiita "sanduku", na kazi ya bintiye aliiita "kubonyeza". Siku hiyo alivuta kiti bila kukaribishwa.

Binti aliwasha simu yake ikatoa mwanga mweupe mtupu, akalaza negativu juu yake, akaipiga kwa kamera. Kwenye kompyuta akaigeuza: cheusi kikawa cheupe, cheupe kikawa cheusi. Dirisha likatokea na nondo zake zote. Ndege alikuwa bado yuko kwenye waya.

"Huyu ndege angekuwa na adabu angeshaondoka," alisema Fundi.

"Tulia, Baba. Hii ni rahisi." Akakishika kitufe cha kuongeza mwanga, akakivuta mpaka mwisho. Picha nzima ikapauka. Dirisha likawa maziwa, na ndani ya lile shimo kukatokea uso wa rangi ya majivu, wenye punjepunje kama uji uliokatika.

Binti alijivuta nyuma na kiti chake.

"Huyo ni maiti," alisema baba.

"Nimetoka?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, Mama!"

"Nilijua tu. Msijisumbue sana."

Fundi aliinama kwenye kopo la biskuti, akatoa waya mwembamba wenye kiduara cha kadibodi kilichobandikwa nchani, kimezeeka mpaka kimekuwa na rangi ya tumbaku. Akasimama mbele ya skrini, akaanza kuutikisa waya ule juu ya uso wa majivu, polepole, kama mtu anayefukuza nzi asiyetaka kumuua.

"Baba, kompyuta haikuoni."

"Sisemi na sanduku. Nasema na wewe. Tazama mkono. Umewasha taa za nyumba nzima kumtafuta mtu mmoja; ndiyo maana umemkuta amekufa. Kwenye chumba cha giza taa iko juu, karatasi iko chini. Panapopigwa na mwanga ndipo panapokuwa peusi. Uso ukitaka kuzama, unaukinga na hiki kiduara, sekunde mbili, tatu. Dirisha unaliacha lijipatie lake. Halafu unageuza, unaukunja mkono hivi, unaacha kitundu, unakoleza pale palipopauka. Na mkono hautulii hata kidogo. Mkono ukitulia, picha inakumbuka."

Binti alikuwa ameacha kutazama mkono. Alikuwa akitazama pembeni mwa skrini, kwenye safu ya vialama vidogo ambavyo alivibonyeza kila siku bila kuviona.

"Baba, sogea. Tazama hapa. Hii ni brashi ya kuangaza sehemu, hii ni ya kukoleza giza. Ona michoro yake."

Fundi alisogeza miwani kwenye paji, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa kioo. Michoro ilikuwa midogo kama sisimizi. Wa kwanza ulikuwa kijiti chenye kiduara nchani. Wa pili ulikuwa mkono uliokunjwa, umeacha kitundu.

Aliutazama mchoro, akautazama waya wake. Aliukunja mkono wake wa kulia, akaulinganisha. Miaka kumi na mitano alikuwa amepita mlango wa chumba hiki akikitukana kile kisanduku, na muda wote huo mkono wake ulikuwa umo ndani, unasubiri kazi.

"Nani aliwaambia?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye msikitini au kanisani.

"Walikuwapo wenzako wengi duniani, Baba. Mmoja wao lazima alisema."

"Anza," akasema Fundi, akakaa.

*

Binti alianza kwa nguvu mia, kwa pupa, na kipanya kikatulia mahali pamoja. Papo hapo kichwa cha mama yake kikazungukwa na pete nyeupe.

"Umemfanya malaika," baba akasema. "Mimi sikumuoa malaika, angenishinda. Futa. Punguza nguvu, weka tano."

"Tano haionekani."

"Ndiyo. Ikionekana umeshaharibu."

Basi akaweka tano. Akapitisha brashi mara moja, pasionekane kitu. Mara kumi, pasionekane kitu. Baba alihesabu kama zamani alipohesabu sekunde, "moja na, mbili na, tatu na, usitulie, nne na," huku mkono wake mtupu ukitembea hewani, na kipanya cha binti kikaanza kuufuata bila yeye kujua. Mahali fulani kati ya mara ya thelathini na ya arobaini, paji la uso likatoka gizani.

Halikuja kama taa inavyowashwa. Lilikuja kama mtu anayepanda kutoka kisimani: kwanza paji, kisha mfupa wa shavu, kisha hereni moja iliyoshika chembe ya mwanga. Weusi wake haukupungua hata kidogo. Ulijaa. Ulikuwa weusi wenye vyumba ndani yake, wenye kahawia na mng'ao wa mafuta na kivuli laini chini ya shavu. Binti alikuwa amemjua mwanamke yule tangu tumboni, na sasa vinyweleo vya mikono vilimsimama kwa mtu asiyemfahamu, mdogo kwake kwa miaka kumi.

"Mama alikuwa mzuri hivi?"

"Mimi nilikwambia kila siku."

"Hukuniambia hata siku moja, Baba."

Akaendelea. Ila kuna jambo lilikuwa likimkereketa, na yeye ni mpiga picha pia, hata kama wa pasipoti. Alikuza upande wa dirisha, akakuza uso, akarudi dirishani.

"Baba, hii negativu usoni haina kitu karibu kabisa, lakini dirisha limekamilika mpaka mkia wa ndege. Kipimo cha mwanga ulikielekeza wapi siku ile?"

Mkono uliokuwa hewani ukashuka.

"Nilipimia dirisha," alisema Fundi.

"Mama anasema sura yake ndiyo iliyokataa mwanga."

"Najua anachosema. Nilimwambia mimi."

"Na ulijua?"

"Nilijua kabla filamu haijakauka. Mtoto wa mwezi mmoja kazini anajua: mtu akiwa na dirisha mgongoni, unapimia uso; ukipimia mwanga wa dirisha, uso unazama gizani. Nilikuwa nimefungua studio wiki ile ile. Kibao mlangoni rangi mbichi. Fundi anayeshindwa na mke wake mwenyewe, nani atamletea wa kwake? Nikasema neno moja la kujikinga. Nilidhani litapita."

Binti aliachia kipanya. "Kwenye harusi yangu, Baba, alishika mikoba. Nilimlilia aje kwenye picha, akasema atawaharibia wakwe. Saba. Nilihesabu. Alishika mikoba saba."

Kwa mara ya kwanza Fundi hakutunga neno la kujikinga.

"Utamwambia."

"Picha itoke kwanza."

"Utamwambia kabla hajaiona. Nisipoahidiwa nazima."

"Nitamwambia."

Wakarudi kazini, sasa bila maneno, isipokuwa zile hesabu. Walishuka puani, wakafika mdomoni. Pale binti akasimama.

"Hapa kuna doa."

"Filamu ya zamani hiyo. Pitisha."

"Doa lina ncha, Baba."

Akapitisha mara tano zaidi, mara kumi. Baba yake aliinuka, akakaa, akainuka tena. Katikati ya midomo ya bi harusi, mwekundu usioonekana wekundu wake, umelowa, umeelekezwa moja kwa moja kwa mpiga picha, palikuwa na ulimi.

*

Binti alitaka kuisafisha picha kubwa, na printa yake haikuweza zaidi ya pasipoti. Ila iliweza vipande. Jumanne mchana Fundi alitoa vipande vitano vya mkono wa gauni tu, ili mkewe asiuone uso mapema, kila kimoja kikiwa kimezidi mwenzake kidogo kwa ukali wa kivuli, kama alivyojaribia karatasi zamani, akavipitisha kimoja kimoja mbele ya lile tundu la ufunguo la mkewe.

"Kwenye kipi unauona ushonaji wa lesi?"

"Hicho. Hapana, ukungu. Hicho... hicho cha mwisho. Naziona mpaka nyuzi."

Kilikuwa kikali kuliko vyote. Binti aliguna, akisema mtu mwenye macho mazima atakiona kimezidi. "Hatusafishii wenye macho mazima," alisema baba yake.

Jumatano asubuhi alikwenda peke yake mjini, kwenye duka kubwa la picha lenye kiyoyozi, na kazi yake kwenye flashi mfukoni. Kijana wa kaunta aliichomeka, mashine ikaguna, picha ikatoka. Fundi aliitazama. Nyumba nzima ilikuwa imewashwa taa tena. Uso wa majivu. Maiti amerudi.

"Hii siyo niliyoleta."

"Ni hiyo hiyo, mzee. Mashine imeona ina giza, ikasaidia. Ina akili."

"Iambie isisaidie."

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Kijana akavuta subira, ile wanayowekewa wazee. "Mzee wangu, wewe hizi kazi huzijui. Mashine inajirekebisha yenyewe."

"Ilipokuwa haijazaliwa nilikuwa naifanya kazi yake kwa waya na kadibodi. Pale ndani pana mahali pameandikwa kurekebisha. Zima."

Kijana aliangalia, akakuta kweli pameandikwa. Akazima, ili foleni isogee tu. Mashine ikaguna mara ya pili. Picha ilitoka polepole kwa upande wa dirisha, ndege kwanza, na ilipofika usoni yule kijana, ambaye alikuwa ameshaanza kumhudumia mwingine, akageuka. Akaishika kwa ncha za vidole. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akanyoosha shingo, kicheko kikamwisha.

"Nani huyu?" kijana aliuliza taratibu.

"Mke wangu."

"Ametoa... mzee, nimfungie mdomo? Dakika mbili, bure."

"Umefungwa miaka thelathini na minane," alisema Fundi Giza. "Uache."

*

Alimkuta mkewe amekaa kando ya dirisha, upande wenye mwanga, amevaa khanga safi kana kwamba anapokea mgeni. Binti alisimama mlangoni, amekunja mikono, anasubiri ahadi yake. Bahasha ilikuwa kwapani mwa Fundi na jasho lilikuwa limeanza kuifikia.

"Kabla hujaiona," alisema, "kuna neno. Sura yako haikukataa mwanga. Nilipimia dirisha. Kosa lilikuwa la mkono wangu, nikalijua siku ile ile, nikakuvika wewe."

Mama hakugeuka. Jikoni maji yalichemka yakaanza kugonga kifuniko, na hakuna aliyekwenda.

"Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi, ingawa maneno yalikuwa yale yale.

"Nilikuwa nawakinga watu wangu na uso wangu," alisema mama. "Mtoto akizaliwa, namuombea asichukue kwangu. Unalijua hilo, Fundi?"

"Sasa nalijua."

"Lete hapa."

Aliilaza picha magotini, kisha akaiinua mbele ya kile kiduara chake na kuanza kuisogeza. Hakuweza kuiona yote. Aliipata kidogo kidogo, sehemu moja ikija, nyingine ikiondoka. Ndege. Nondo. Hereni. "Hizi hereni niliziuza ulipougua," alisema. Paji la uso. Jicho moja, likamtazama, na yeye akalitazama, muda mrefu kiasi kwamba binti alitoka mlangoni akaja kupiga magoti karibu naye.

"Huyu mtoto ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Anang'aa. Mwone anavyong'aa, na weusi wake wote." Akaugusa uso ule kwa kidole, kwa woga, kama kitu kinachoweza kuamka. Pua. Kisha mikono yake ikasimama.

Baba na binti walitazamana.

"Heee!" mama akapiga kelele. "Umetoka! Ulimi wangu umetoka!"

"Ulikuwa unajua?" Fundi alisema.

"Ulimi ulikuwa wa nani? Ulinisimamisha pale tangu saa nne, mara inua kidevu, mara usipumue, wewe na kipimo chako kama fundi saa. Ulipoinama kwenye kamera nikakutolea. Picha ilivyotoka nyeusi nikasema, alhamdulillahi, Mungu kanisitiri. Halafu nikaogopa. Nikadhani ndio uliovuruga mashine. Ndiyo maana uliponitupia lile neno sikukuuliza kitu." Akacheka mpaka machozi yakayaosha matone ya dawa, kisha akaacha kucheka ghafla. "Lakini kosa langu lilikuwa ulimi wa sekunde moja, Fundi. Lako umelilea likaota ndevu. Hilo bado tunalo, wewe na mimi. Halijaisha."

"Halijaisha," alikubali.

"Basi lete kamera. Kesho nakwenda kule sijui narudi na nini. Nipigwe leo, hapa hapa, dirisha mgongoni, kama siku ile. Na wewe mtoto njoo, uwe upande wangu mzuri."

"Upi mzuri, Mama?"

"Yote. Sijawahi kuulizwa."

Binti aliweka kamera ya studio kwenye miguu yake mitatu, akaitega ijipige baada ya sekunde kumi, akaenda kusimama. Fundi aliutoa kipimo chake cha zamani kwenye kopo la biskuti, kile chenye sindano. Alimkaribia mke wake mpaka pumzi zao zikakutana, akakiweka shavuni pake. Akakisoma. Akapima paji. Akapima tena shavu, kana kwamba sindano ingeweza kumdanganya.

"Tangu saa nne tena?" aliuliza mkewe.

"Tulia."

"Na ulimi?"

"Toa ukitaka."

"Siutoi. Nauweka. Kesho namtolea yule daktari kabla hajanilaza."

Fundi akaiwekea kamera kipimo cha shavu, akabonyeza, akakimbilia upande wa pili wa mkewe kwa mbio za mzee, kamera ikalia. Binti akaenda kutazama kwenye kioo kidogo cha nyuma. Walikuwepo watatu, na katikati yao uso mmoja mweusi, mzima, umejaa mwanga mpaka kwenye makunyanzi. Nyuma yao hapakuwa na nondo, wala waya, wala wingu. Palikuwa peupe kama shuka.

"Baba," alisema, "dirisha limeungua lote."

"Liache liungue," alisema Fundi Giza.